Mmiliki wa Tano

Mtu wa kwetu Busawe akienda mnadani kununua ng'ombe haanzi kwa kuuliza ana miaka mingapi. Humshika ng'ombe pua, akamfungua mdomo na kuyatazama meno. Kisha humzunguka, akaangalia kwato, akavuta ngozi ya shingo, akaomba atembezwe kidogo. Mwisho kabisa ndipo humgeukia mwenye mali na kumwuliza swali moja tu: unamwuza kwa nini? Marehemu baba yangu alinifundisha kwamba jibu la swali hilo ndilo bei yenyewe. Mtu akijibu upesi mno, ana jambo alilokwisha kuliandaa. Akikawia mno, bado analitafuta.

Nilikulia katika elimu hiyo. Nilichunga, nikasoma, nikawa mwalimu wa Historia. Lakini mwaka 1994, nilipokwenda Mwanza kununua gari, sikutazama meno wala sikuuliza swali. Nilitazama saa ya kilometa, nikakuta tarakimu tano: 38,412. Nikafurahi kwamba gari halijatembea sana. Lilikuwa Peugeot 504, ile ndefu ya kubebea abiria na mizigo, ambayo sisi sote tuliita Pijo. Lilikuwa limetengenezwa mwaka 1975. Ndugu msomaji, gari la miaka kumi na tisa lililotembea kilometa elfu thelathini na nane! Mwanafunzi wa darasa la nne angeniuliza limekuwa wapi siku zote hizo. Saa yenye tarakimu tano ikifika 99,999 hurudi kwenye sifuri na kuanza upya kama mtoto mchanga. Kilometa zangu 38,412 zingeweza kuwa 138,412, au 238,412, au zaidi ya hapo. Hilo nililijua baadaye.

Nieleze kwanza nilichokuwa nikikitafuta. Busawe iko katika nchi ya Wangoreme, kusini ya Mto Mara, wilaya ya Serengeti. Miaka ile usafiri wetu ulikuwa lori la siku ya mnada, Landrova moja moja, baiskeli na miguu. Mgonjwa alibebwa kitandani na vijana wanne wa kupokezana. Mahindi na ulezi vilimsubiri mnunuzi aliyekuja anapotaka na kutoa bei aliyotaka. Mimi niliona kwamba mwenye gari moja zima angewasaidia watu, naye asikose kitu. Nilikuwa na shilingi 300,000 nilizoziweka kwa miaka mingi. Bei ya gari ilikuwa 650,000.

Nikaenda kwa baba. Akanipa ng'ombe saba, tukawauza kwa wastani wa shilingi 50,000 kila mmoja. Ng'ombe hao hawakuwa mali ya kutapanya. Walikuwa wamekuja nyumbani kwa mahari ya dada yetu, na kwa desturi ya kwetu mahari ya dada ndiyo inayomwoza kaka yake. Zamu yangu ilikwisha kupita. Ng'ombe wale walikuwa wa mdogo wangu, ambaye tayari alikuwa na binti aliyemchumbia. Nilimwita, nikamwambia mbele ya baba kwamba katika mwaka mmoja gari litarudisha ng'ombe saba, na pengine na ndama juu. Akasema, "Kaka, wewe ndiye uliyesoma." Hakusema zaidi.

Sasa nigeukie historia, maana gari hilo lilikuwa na historia kuliko vitabu nilivyofundishia. Pamoja na funguo nilipewa bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na kadi ya gari na hati za mauziano zilizobanwa pamoja, nyingine zimeliwa na mende pembeni. Jioni moja, gari likiwa tayari limeharibika mara ya tatu, nilizitandaza mezani nikazisoma kwa mpangilio. Kabla yangu kulikuwa na wamiliki wanne.

Wa kwanza lilikuwa shirika moja la umma, lililolinunua jipya mwaka 1975. Kwa nini Peugeot? Wazee wanakumbuka. Gari aina ya 504 lilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na kabla yake ndugu yake mkubwa, 404, alikuwa amekwisha kujijengea jina huku kwetu. Mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 yalipita katika barabara za vumbi na matope za Afrika ya Mashariki, na Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Mwaka 1975, mwaka lilipozaliwa gari langu, 504 ikashinda; ikashinda tena 1978. Mtu aliyenunua Peugeot siku zile alikuwa na sababu. Springi zake zilikuwa laini na ndefu, tumbo lake lilikuwa juu ya mawe, na injini yake ilikuwa ya kutengenezeka, kwa sababu silinda zake zilikuwa mabomba yanayochomolewa na kubadilishwa, siyo matundu yaliyochongwa katika chuma kimoja.

Lakini gari jema halitoshi. Gari linahitaji nchi yenye uwezo wa kulilisha. Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli duniani ilianza kuruka, na ukame wa miaka ile ukatulazimisha kununua chakula nje. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Kwa watu wa Mara hilo halikuwa habari ya redio. Sirari ilikuwa mlango wa nyumba yetu, na Wakurya wako pande zote mbili za mpaka. Kisha Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Malori, mabasi na magari mengine ya raia na ya mashirika yakachukuliwa kwenda vitani. Kampala ilitekwa Aprili 1979, lakini baada ya ushindi hazina ilikuwa tupu, bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara ya pili, na Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Mkanda ule ulifungwa muda mrefu kuliko hapo. Vijana wa leo hawaamini nikiwaambia kwamba kulikuwa na amri ya kutoendesha magari ya binafsi Jumapili alasiri ili kuokoa petroli.

Katika hali hiyo gari langu lilipigwa mnada mwaka 1982, likanunuliwa na mfanyabiashara wa Shinyanga. Huyo ndiye mmiliki wa pili, na mimi namhurumia kuliko wote. Alikuwa na gari wakati nchi haina spea. Fedha za kigeni hazikuwapo, kwa hiyo chombo kidogo kama gasketi kilitafutwa kama dawa ya mgonjwa mahututi. Kilichopatikana kwa magendo kilikuwa cha hatari, maana mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na shehena ya spea alikuwa na maswali mengi ya kujibu. Mwishoni mwa mwaka huo huo mpaka wa Kenya ulifunguliwa.

Mmiliki wa tatu alilinunua mwaka 1986, akalifanya teksi mjini Mwanza. Hapo upepo ulikuwa umebadilika. Bajeti ya mwaka 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa. Zikaja pikapu, zikaja basi ndogo, kisha yakaja magari madogo ya Toyota, mengi yakiwa yamekwisha kutumika Japani na mengine yakipitia Dubai.

Mmiliki wa nne, mtumishi mmoja wa serikali, alilinunua mwaka 1990 na kuliuza kwangu mwaka 1994, akanunua Toyota. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo lingeniokoa kama ningelifikiri mapema. Gari lililokuwa ndoto ya meneja mwaka 1975 liliweza kununuliwa na mwalimu wa Busawe mwaka 1994 kwa sababu wenye uwezo walikuwa wakilikimbia.

Hayo yalisemwa na karatasi. Injini nayo ilikuwa na maneno yake, ila mimi sikujua kuyasoma. Safari ya kwanza kutoka Mwanza ilikuwa njema hadi tulipoacha lami. Mara tulipoanza mwendo wa polepole katika barabara ya udongo, mshale wa joto ulipanda. Tukasimama, tukamwaga maji, tukaenda, tukasimama tena. Wiki ya pili stata ilikataa. Mwezi wa pili springi ya nyuma ilikatika. Lilikunywa oili kama linavyokunywa petroli, na nyuma yake ulitoka moshi wa bluu ambao watoto wa shule waliufurahia sana. Nilizoea kutembea na galoni la oili, madumu mawili ya maji na mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa taniboi wa gari lililomeza mahari yake.

Niseme haki: halikukosa kutenda mema. Usiku mmoja wa masika mwaka 1995 tulimchukua jirani mwenye uchungu wa kujifungua kumpeleka Mugumu. Mvua ilikuwa imelowesha udongo mweusi. Gari lilizama, likasukumwa, likachemka, likazimika. Mama yule alijifungua kwenye kiti cha nyuma kwa mwanga wa tochi, mkunga wa kijiji akiwa naye, sisi wanaume tumesimama mvuani tumegeuka upande wa pili. Mtoto alilia kabla injini haijawaka. Mpaka leo, ingawa ana jina lake la ukoo na watoto wake mwenyewe, watu wa makamo humwita Pijo. Kila wanapoliita jina hilo hucheka. Mimi pia hucheka, lakini nakumbuka vilevile kwamba usiku ule nilikuwa nimechukua nauli ya kumfikisha hospitalini, na sikumfikisha.

Baada ya usiku ule oili ilibadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa. Nililifikisha Musoma likivutwa na lori, kwa fundi mmoja mzee aliyezifahamu Peugeot tangu ujana wake. Akalifungua siku nzima bila kusema. Jioni akaniita, akapanga vyuma juu ya gunia, akasema, "Mwalimu, kaa hapa. Humu ndani wamepita watu wengi."

Ikawa somo langu bora la historia. Akanionyesha kwanza mabomba ya silinda. "Haya ni ya kiwandani, hayajaguswa. Huyu wa mwanzo alilitunza. Oili ilimwagwa kwa wakati." Moyoni nikasema: shirika, 1975. Kisha akanionyesha mahali bomba la silinda linapokaa juu ya pete yake ili maji yasiingie kwenye oili. Pete moja haikuwa pete. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi kutoka katika boksi la karatasi ngumu na kupakwa gundi. Boliti mbili za kichwa cha injini zilikuwa za gari jingine, zimelazimishwa. "Huyu hakuwa fundi mbaya," akasema. "Hakuwa na kitu. Hata mimi nimefanya hivi. Miaka ile nilikwenda Migori usiku kwa njia za ng'ombe, nikarudi na gasketi moja nimeivaa tumboni chini ya shati." Nikasema moyoni: Shinyanga, 1982.

Kisha feni. Peugeot ile ilikuwa na feni isiyozunguka wakati wote. Ilishikwa na sumaku ya umeme pale maji yalipopata moto, ikaachiwa yalipopoa, ili kuokoa petroli. Ni ufundi mzuri, lakini unategemea waya mmoja na swichi ndogo. Swichi ilipokufa, mtu alivuta waya hadi kwenye swichi nyingine iliyofichwa chini ya usukani, dereva aiwashe mwenyewe anapoona joto. Mimi sikuambiwa kuna swichi hiyo. Nilikuwa nikiendesha gari lisilo na feni kwa miezi minane, na dawa ilikuwa karibu na goti langu. Themostati nayo ilikuwa imeondolewa, kama walivyofanya mafundi wengi wakidhani wanaipoza injini. "Huyu ni mtu wa teksi," akasema fundi. "Alitaka liamke kesho asubuhi likatafute chakula." Mwanza, 1986.

Mwisho akakipangusa kichwa cha injini, ambacho ni cha aluminiamu na hujipinda kikichemka mara nyingi. Palikuwa na ufa uliochomelewa, juu yake pamepakwa rangi ya fedha. Akachovya kidole katika oili iliyobaki chini, akaisugua. "Hii ni nzito. Ilichanganywa na oili ya gia ili injini isipige kelele siku ya kuuzwa." Huyo sikuwa na haja ya kumtafuta katika karatasi.

Nimefikiri sana juu ya maneno ya fundi yule. Watu wa umri wangu hupenda kugombana: wengine husema siasa ya Ujamaa ndiyo iliyoua magari, wengine husema ruksa ndiyo iliyotuletea takataka za watu. Mimi naona gari langu halikuuawa na umri, wala na kilometa, ambazo hakuna aliyezijua. Kila mkono ulioligusa katika shida ulikopa. Aliyekata pete ya karatasi alikopa miaka michache. Aliyeondoa themostati alikopa wiki. Mikopo hiyo haikuwa dhambi, maana bila hiyo magari mengi ya Tanzania yangesimama mwaka 1980 na yasiamke tena. Watu wale waliiendesha nchi kwa waya na gundi, na wanastahili heshima. Lakini deni lilipohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, maelezo yake hayakuhama nalo. Swichi ya feni ilikuwa kitu cha kusema kwa sentensi moja. Alijua mwenye teksi, nadhani alijua mtumishi wa serikali. Sentensi hiyo ilikatikia kwake, kwa sababu ingepunguza bei.

Fundi alilirudisha kwa gharama iliyokaribia nusu ya bei niliyonunulia. Pete halisi zilitoka Kenya, ambako 504 iliendelea kuunganishwa hadi mwaka 2004. Ufa alisema hauna dawa ila kichwa kipya, nami sikuwa na fedha. "Litakwenda," akasema, "ila usilichemshe tena. Likichemka mara moja, umekwisha." Lilikwenda miaka miwili kwa adabu. Kisha ikaja mvua ya El Nino ya 1997 na 1998, barabara zikakatika kila mahali, na siku moja, tukihangaika matopeni, likachemka. Tulilichomelea tena, juu ya alama ile ile.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu huwa nzito. Katikati ya mwaka 1998 nililipeleka Bunda kuliuza. Lilikuwa limeoshwa, limepakwa rangi mlangoni. Akaja mtu mmoja wa makamo, mkulima wa pamba, mkimya. Hakutazama saa ya kilometa. Alilizunguka polepole. Akagusa tairi, akalala chini akatazama, akaomba niliwashe, akasikiliza. Kisha akanigeukia, akaniuliza, "Mwalimu, unaliuza kwa nini?"

Ndiyo, msomaji, aliniuliza lile lile la baba. Nami nikamjibu upesi: "Nataka kununua pikipiki, barabara zetu zimekuwa mbaya."

Halikuwa neno la uongo kwa kila kipande. Barabara zilikuwa mbaya, na pikipiki niliitaka. Nilimwonyesha hata swichi ya feni, nikajiona mwungwana. Ufa sikuutaja. Alinipa shilingi 280,000, akahesabu mara mbili noti zake zilizokunjwa, akaniamkia kwa heshima, akaondoka. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, alifikiri nimesema yote.

Nilirudi Busawe na ng'ombe wanne niliowanunua njiani mnadani. Baba alikuwa amekaa nje. Akawatazama ng'ombe, akawahesabu ingawa wanne hawana haja ya kuhesabiwa. Akauliza, "Huyo mtu alikuuliza kwa nini unaliuza?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Ukamwambia?"

Nikanyamaza. Naye akanyamaza muda mrefu, akavuta blanketi lake begani, akasema, "Meno ya ng'ombe hayadanganyi. Kwa hiyo huyo mtu alipaswa kununua ng'ombe." Hakulizungumzia tena mpaka alipofariki.

Mdogo wangu alipokea wale wanne. Binti aliyemchumbia alikuwa amekwisha kuolewa ng'ambo ya mto, maana wazazi wake hawakuweza kungoja miaka minne kwa ajili ya Pijo ya shemeji. Alioa mke mwingine mwaka 2000, mke mwema, nami nilimalizia ng'ombe watatu waliobaki kidogo kidogo kwa mshahara wangu. Hesabu imefungwa. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na mara nyingi nimetamani angenilaumu.

Hesabu isiyofungwa ni ya Bunda. Kwa miaka mingi kila nilipopita pale nilitazama kando ya barabara na katika viwanja vya gereji, kama nitaliona gari langu. Sikuliona, wala yule mtu sikumwona. Bahasha ya kaki niliondokewa nayo pamoja na gari, lakini nilikuwa nimenakili orodha ya wamiliki katika daftari. Nafasi ya tano imeandikwa mimi, 1994 hadi 1998. Ya sita nimeandika "mkulima, Bunda", na mbele yake hakuna mwaka wa mwisho.

Yote haya nimeyakumbuka kwa sababu mwaka huu mtoto wa mdogo wangu amekuja kwangu na simu yake. Anataka kununua gari, Toyota ndogo, la kubeba abiria kati ya Mugumu na vijiji vyetu. Mambo yamekuwa mengine. Anaweza kutazama picha za gari likiwa bado Japani. Nilimweleza kwa nini wenzetu wa kule huyaacha magari mapema: sheria yao hulitaka gari dogo la mtu binafsi likaguliwe baada ya miaka mitatu ya kwanza na kila miaka miwili baada ya hapo, na ukaguzi huo pamoja na matengenezo na kodi zake ni ghali, hivyo wengi huona heri kuuza. Wao huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko mahali petu. Siyo takataka zote, basi. Mengine yameachwa yangali na nguvu.

Lakini yeye alikuwa ameshikilia mambo mawili. La kwanza, kilometa zilizoandikwa. Nikamwambia kwamba saa yangu ilijirudisha yenyewe ilipofika laki moja, na hizi za siku hizi hurudishwa na mtu mwenye kompyuta ndogo. La pili, gari analolitaka hapa Mwanza ni "namba E", na marafiki zake wanamwambia namba E ni mpya. Nikamweleza kwamba herufi ile inaonyesha siku gari liliposajiliwa Tanzania, siyo siku lilipotoka kiwandani. Gari linaweza kuwa namba E na likawa na umri wa karibu miaka ishirini. Kipya kinyemi, lakini upya wa namba ni upya wa kibao.

Akaniuliza, "Sasa, Baba Mkubwa, nitazame nini?" Nikamwambia atafute fundi asiyemjua muuzaji. Atazame oili akiigusa kwa kidole. Aliwashe likiwa la baridi, asikubali kulikuta limekwisha kupashwa moto. Aliendeshe polepole mlimani na siyo kwa kasi kwenye lami. Achome waya wowote wa ajabu kwa macho na kuuliza unakwenda wapi. Aombe karatasi zote na azisome kwa mpangilio, akijiuliza kila mmoja aliliacha kwa sababu gani. Na mwisho amgeukie mwenye gari, amwulize swali la babu yake.

Kijana aliandika yote katika simu. Kisha nikamsimulia habari za Bunda, ambazo baba yake hakuwahi kumsimulia, kwa sababu baba yake hazijui. Alisikiliza, akaizima simu, akaiweka mfukoni. Nikamwambia kwamba gari lake nalo ataliuza siku moja, na mtu atakuja, atalizunguka polepole, atamwuliza kwa nini. Siku hiyo amwonyeshe swichi, na amwonyeshe ufa.